Vigae vya Siraf na Pwani Yetu

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo tunakwenda Siraf, bandari iliyostawi katika karne ya 9 na ya 10 kwenye pwani ya Uajemi, mahali palipo leo katika mkoa wa Bushehr, Iran. Nyuma milima mikavu, mbele bahari. Mji uliishi kwa vyombo vilivyotia nanga pale. Kuanzia 1966 hadi 1973, David Whitehouse na wenzake walichimba magofu yake.

Msikiti mkuu walikuta umesimama juu ya jukwaa lililojazwa kifusi. Humo mlikuwa na sarafu, ya karibuni kabisa ikiwa ya 803 au 804, na vigae vya mitungi ya China. Kwa mchimbaji hiyo ni neema kubwa, kwani kifusi kikishazibwa na sakafu hakiongezwi kitu. Mitungi ile ilikuwa imefika na kuvunjika kabla watu hawajaanza kusali pale.

Mimi lakini navutwa zaidi na mtungi wa rangi ya feruzi. Shika kigae chake: udongo wa manjano hafifu, laini, na nje mng'ao wa bluu inayoelekea kijani, vingine vina ukanda wa udongo uliobandikwa na kusokotwa kama kamba. Uchunguzi wa kemikali unaelekeza ufinyanzi wake upande wa Basra. Siraf ilikuwa njia ya kuisafirisha. Vigae vya aina hiyohiyo vimechimbuliwa Unguja Ukuu, na Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kusema kwamba miji yetu ilijengwa na Waajemi. Sikubaliani nao hata kidogo. Shanga, alikochimba Mark Horton, vyombo vya ng'ambo ni sehemu ndogo. Vilivyojaa ni vyungu vya wafinyanzi wa pwani hii, tangu tabaka za chini kabisa. Kigae cha feruzi ni ushahidi wa biashara, na sisi tulikuwa na cha kuuza: al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, anaeleza kwamba nyumba za Siraf zilijengwa kwa msaji na kwa mbao za nchi ya Zanj, yaani pwani hii yetu ya Afrika Mashariki.

Mnamo 977 tetemeko la ardhi liliuharibu mji, na baadaye biashara ikahamia kisiwa cha Kish. Huku kwetu, tabaka za karne ya 11 zinaanza kutoa bakuli zilizochorwa kwa kukwaruzwa, na mitungi ya feruzi inapungua.