Handaki na Bwawa la Samaki Chini ya Majani

Haya, watu wangu wa nyumbani, hamjambo? Leo sijawaletea kasri wala daraja. Niko malishoni, kijiji cha Braybrooke, Northamptonshire, Uingereza, viatu vimelowa chapachapa kwa umande. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona majani na kondoo tu, sivyo? Sasa nachutama, jua la asubuhi lipige kwa ubavu. Mmeona kile kivuli kinachozunguka? Ni handaki, mfereji mpana wa kuzunguka nyumba! Ndugu zangu wa Mombasa mnalijua lile la Fort Jesus, lililochongwa kwenye mwamba wa matumbawe. Hili ni la udongo, na lilijaa maji.

Hapa katikati ilisimama nyumba ya ukoo wa Latimer, zaidi ya miaka 600 iliyopita. Uingereza ina maelfu ya mahandaki ya namna hii, na mengi yalichimbwa kati ya 1250 na 1350. Msidhani yote yalikuwa ya vita. Zaidi ilikuwa heshima: ukivuka maji kuingia kwa mtu, umejua umefika kwa mkubwa.

Lakini njooni huku, hapa ndipo moyo wangu ulipo. Hili bonde bapa lilikuwa bwawa la samaki, na tuta nililosimama juu yake ndilo lililozuia maji. Mabwawa kama haya yalikuwa na mlango wa mbao. Ukifunguliwa, maji yanashuka, samaki wanabaki kwenye tope, wanaokotwa kwa vikapu. Mjomba wangu anavua perege wake vivyo hivyo mpaka leo. Nilipolitambua hilo nilisisimka mwili.

Na samaki mbichi haikuwa kitoweo cha kila mtu. Bahari iko mbali na hapa, na Kanisa lilikataza nyama siku za Ijumaa na Kwaresima nzima. Aliyekuwa na bwawa alikula samaki mbichi. Maskini, akipata, alipata mkavu wa chumvi.

Udongo wote huu ulitolewa kwa mikono, jamani, koleo kwa koleo. Majina ya Latimer yameandikwa. Ya waliochimba sijayakuta popote. Kuta za bwana zimekwenda, tuta lao lipo.

Nashuka chini kidogo. Sikieni... chwa, chwa. Ardhi bado inanyonya mguu. Kijito kinachopita hapa kinaitwa Jordan, kweli kabisa, na mvua ikikaza, maji yanarudi palepale.