Kabla ya Kumpima Mfungwa Subira

Assalaam alaykum. Mwenyekiti, maafande wa Chuo cha Mafunzo, ndiyo magereza yetu ya Zanzibar, masheha wa mitaa, wauguzi, wazazi wenzangu. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na kuna afande pale nyuma ameanza kucheka hata sijafungua mdomo. Cheka tu, Afande. Nnalisema tena kwa sababu bado halijatendeka.

Kila nikikaa kwenye kikao kinachohusu tiba ya wanafunzi wetu, yaani wafungwa, iwe ya unga, hiyo heroini, iwe ya kifua kikuu, naisikia hukumu ile ile: "Hawa hawana subira. Wanaanza, wanaacha." Faili linafungwa, tunakwenda kunywa chai. Miye nnauliza: huyo mtu tunamtaka asubiri nini, na aliyemuahidi ni nani?

Lile jaribio la peremende mnalijua, halina haja ya kurefushwa. Walter Mischel, kule Stanford, mtoto anawekewa peremende moja, akiweza kungoja anapewa mbili. Dunia nzima ikalishika: anayengoja ndiye mwenye akili, asiyengoja atatusumbua ukubwani. Hili watu hawachoki kulihadithia. La pili, la Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, lililochapishwa 2013, halina anayelitaja, na ndilo lenye faida kwetu.

Walichukua watoto 28, wa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya peremende, kila mtoto alipewa krayoni kuukuu akaambiwa: ngoja, nakuletea nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine mtafiti alirudi mikono mitupu: samahani, kumbe hatuna, tumia hizo hizo. Kisha stika, mchezo ule ule. Baada ya hapo ndipo ikaja peremende: ngoja, upate mbili. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12, na 9 kati ya 14 walifika mwisho, dakika 15. Waliodanganywa walingoja dakika 3, na aliyefika mwisho ni mmoja tu. Mmoja! Watoto hao walikuwa wa rika moja, na waligawanywa kwa bahati nasibu. Wale wa dakika 3 walikuwa na hesabu nzuri kabisa: mtu huyu kashanidanganya mara mbili, nile changu nilichokiona.

Sasa nitoeni Rochester mnirudishe gerezani kwetu Kiinua Miguu. Huyu wetu kaambiwa kesi yake itasikilizwa wiki ijayo, ikaahirishwa. Kaambiwa na nduguye atamtembelea Jumapili, hakuja. Kaambiwa daktari anakuja kesho, na kesho hiyo ikaja na kesho yake. Halafu sisi tunamwendea na karatasi: bwana we, vumilia miezi sita utapata nafuu. Anatuangalia. Mnataka atuamini kwa lipi?

Najua litakalokuja. Mzee mmoja huniambia kila mara: "Mbona Ramadhani wanafunga mwezi mzima? Nafsi wanaiweza, wakitaka." Na miye nnamjibu, mzee wangu, umenisaidia hoja. Mtu anafunga siku 29 au 30 na jua la Unguja hili kwa sababu magharibi haijawahi kumwangusha hata siku moja. Haikuahirishwa, hakuna aliyesahau ufunguo wa kabati. Na mji mzima unangoja pamoja naye. Nipeni programu ya dawa inayofika kwa saa kama magharibi, halafu ndiyo tuanze kuzungumza nafsi za watu.

Methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga. Hospitali ya Kidongo Chekundu wanaitoa tangu 2015, mnaijua: dawa ya maji, inanywewa mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku, kwa sababu inakaa mwilini saa 24 na zaidi. Aliyezoea unga, arosto humwanza ndani ya nusu siku tu: machozi, kamasi, kuharisha, mifupa inauma. Methadoni inaizuia. Lakini ukikosa siku tatu mfululizo hurudishiwi dozi ile ile kwa macho. Lazima upimwe upya, maana mwili umeanza kuisahau na dozi ya zamani yaweza kukudhuru. Basi kila siku ambayo gari la kumpeleka mfungwa kliniki halikupatikana, au askari wa kumsindikiza hakupangwa, kinachovunjika ni tiba, na anayeandikwa "ameacha" ni mgonjwa.

Na hili wauguzi nisikilizeni vizuri. Mtu yuko kwenye methadoni, ametulia. Anapatikana na kifua kikuu, anaanzishiwa dawa zenye rifampisini. Rifampisini inalifanya ini liivunje methadoni upesi. Baada ya siku chache dozi iliyokuwa ikimtosha haimtoshi: usiku anatoka jasho, anatetemeka. Anaomba aongezewe. Anajibiwa nini? "Teja huyu, anataka kulewa." Naye anafikiri: nilikuwa mzima, nimeanza vidonge hivi vyekundu nikaugua. Anaacha vidonge. Kwa alichokiona yeye, kosa lake liko wapi? Kumbe dawa ya kifua kikuu iliyokatwa njiani inazalisha usugu, na hewa ya seli ni moja, afande naye anaivuta akaenda nayo kwa watoto wake. Dawa yake ni daktari kuipandisha methadoni polepole, na kuishusha rifampisini ikiisha. Halihitaji mawaidha, linahitaji faili mbili zisomwe na mtu mmoja.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nimeona.

Basi kutoka gerezani, haraka haraka. Jimbo la Washington, Marekani, utafiti wa 2007: katika wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka jela, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 kuliko ya wakaazi wengine. Mwili ulishapoteza uzoefu, na yeye anarudia kipimo chake cha zamani maskani. Kwa hiyo nyinyi mnaosema "amekaa miaka miwili bila unga, amepona", huyo ndiye wa kumhofia zaidi. Barua ya rufaa ya kwenda kliniki iandikwe kabla ya siku ya kutoka, na sheha ajue, kwa ridhaa ya mfungwa mwenyewe lakini, si kumtangaza mtaani.

Nilikuwa na ya wanawake, ya mahabusu ambao hakuna ajuaye watakaa siku ngapi, na ya Wete, kule Pemba, ambako bahari nayo imo kwenye ratiba ya tiba. Nayaacha, anayeyataka aniulize. Yule mzee wa Ramadhani keshanyanyua mkono, nnamuona. Mpeni maikrofoni.