Sajini Leakey wa Keya na Nishani ya Colito

ZAWADI: Karibuni tena. Leo ni nishani moja tu: Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ya Sajini Nigel Gray Leakey wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Kaka Mussa, tuanze na mapigano yenyewe, nishani itafuata.

MUSSA: Haya, dada Zawadi. Tarehe 19 Mei 1941, Uhabeshi, kwenye mto Bilate karibu na Colito. Batalioni ni 1/6 KAR, ile ya Tanganyika, ndani ya Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki. Kombania mbili zimevuka mto chini ya risasi na zimeng'ang'ania ng'ambo zikisubiri wenzao. Mara vifaru vya Waitaliano vikachomoza vichakani. Na waliovuka hawakuwa na silaha yoyote ya kupigia kifaru.

ZAWADI: Ndipo wasimuliaji wengi wanapofanya jambo hili muujiza, mtu na bastola yake. Mimi naona ukikijua kile kifaru, unaelewa kwa nini iliwezekana.

MUSSA: Kabisa. Vifaru vya kati walivyokuwa navyo Waitaliano Afrika Mashariki vilikuwa M11/39, 24 tu kwa jumla. Ndani wanakaa watu watatu. Mzinga wake wa milimita 37 haupo kwenye kichwa kinachozunguka. Uko mbele, upande wa kulia wa bodi, na unageuka nyuzi chache tu kila upande. Kichwani mna mtu mmoja na bombomu mbili za milimita 8, na kichwa chenyewe anakizungusha kwa mkono.

ZAWADI: Kwa hiyo anayekuja ubavuni?

MUSSA: Mzinga haumpati mpaka kifaru kizima kigeuke. Akishapanda juu, bombomu nazo haziwezi kumfikia, maana yuko nyuma ya midomo yake. Leakey alikivamia kifaru cha kwanza chini ya risasi kali, akakipanda, akafungua kifuniko kwa nguvu na kuwapiga bastola waliokuwemo. Alimbakiza dereva, akamlazimisha akiendeshe hadi penye maficho.

ZAWADI: Kumbakiza dereva, hapo alitumia akili. Alitaka kifaru kile akitumie.

MUSSA: Ndiyo, akajaribu kuufyatua mzinga, ukagoma. Akashuka. Safari hii akaenda kwa miguu na wenzake watatu: sajini-meja wa kombania, Mwafrika, pamoja na askari wawili. Wakavinyemelea vifaru vingine. Viwili vikapita. Leakey akarukia cha tatu, akafungua kifuniko, akamuua mmoja ndani. Cha nne kikamfyatulia bombomu, akaanguka.

ZAWADI: Hilo ndilo tatizo la mbinu hii. Kifaru hakiwezi kujikuna mgongo, lakini cha nyuma yake kinaweza kukikuna. Risasi za bombomu hazitoboi deraya ya mwenzake, kwa hiyo mpigaji hana sababu ya kusita. Kifaru kikiwa peke yake, mtu aliye juu ana nafasi. Vikija vinafuatana, nafasi hiyo inategemea tu iwapo cha nyuma kimemwona.

MUSSA: Na mwili wake haukupatikana. Jina lake liko kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, Nairobi.

ZAWADI: Sasa nishani. Msalaba wa shaba nyeusi, urefu takriban milimita 41, utepe mwekundu uliokolea. Mbele pana simba juu ya taji, na chini yake maneno FOR VALOUR. Haipigwi mhuri kama sarafu. Inamiminwa kwenye kalibu, kisha fundi anaimalizia kwa patasi, kazi ambayo kampuni ya Hancocks ya London imeifanya tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo hakuna mbili zinazofanana sawasawa.

MUSSA: Ukiishika, igeuze. Jina, cheo na kikosi huchongwa nyuma ya kipande cha juu kinachobeba utepe, na ndani ya duara la katikati huchongwa tarehe ya tendo. Watu huchanganya hapo. Tarehe ya tendo ni 1941, lakini tangazo katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, lilitoka 15 Novemba 1945. Ukitafuta kwenye magazeti ya 1941 hutoki na kitu.

ZAWADI: Kuna kanuni nyingine inayosahauliwa. Wakati ule askari wa nchi kavu aliyefariki hakuweza kupewa Military Medal wala DCM (Distinguished Conduct Medal), nishani za ushujaa zilizo chini ya Victoria Cross, kwa tendo lililomuua. Kwa ushujaa wa mbele ya adui zilikuwepo njia mbili: Victoria Cross, au kutajwa kwenye ripoti za jemadari. Hakuna ngazi ya katikati. Ndiyo maana ukiona askari shujaa aliyekufa ametajwa tu kwenye ripoti, usidhani tendo lake lilikuwa dogo.

MUSSA: Linaloniudhi ni tangazo lenyewe. Linamwita yule mwenzake "sajini-meja Mwafrika", basi. Wale wawili hata cheo hawakuandikiwa. Walivinyemelea vifaru vilevile, bila bunduki ya kutoboa deraya.

ZAWADI: Wasikilizaji wenye nishani za babu nyumbani wafanye nini?

MUSSA: Watazame ukingo kwanza. Military Medal na DCM zina namba, cheo, jina na kikosi kwenye ukingo. Nyota ya Afrika, ambayo waliopigana Uhabeshi walistahili, iligawiwa bila jina, kwa hiyo yenyewe haikuambii ilikuwa ya nani. Hiyo itahitaji karatasi za kuachishwa jeshi. Na zile zenye jina msizisugue kwa dawa ya kung'arisha vyuma. Herufi za ukingoni ni nyembamba, zinafutika kidogo kidogo hadi namba haisomeki.

ZAWADI: Tutarudi na KAR huko Burma. Tuonane wiki ijayo.