Nyama haipeleki triptofani kichwani

Asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini, mmezisoma, sirudi huko. Ninachorudia, hata kama wengine mmechoka kukisikia kwangu, ni hiki: mtu akishiba nyama, triptofani, asidi amino mojawapo, inapanda katika damu, lakini ubongo hauongezi serotonini, kemikali ya kupashana habari ambayo neva zinaitengeneza kutokana na triptofani hiyo. Mnacheka? Fernstrom na Wurtman wa MIT, Marekani, waliyaonyesha kwa panya mwaka 1971 na 1972. Panya wenye njaa walipokula wanga bila protini, serotonini ya ubongo ilipanda. Walipoongezewa protini, triptofani ya damu ilipanda, ya ubongo ikagoma.

Shida ni mlango. Chukueni basi la kwenda Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, saa kumi na moja jioni. Triptofani ni mama mmoja na kikapu chake. Asidi amino nyingine, lusini, isolusini, valini, tirosini na fenilalanini, ni vijana wanaosukumana, na mlango wa kuingia ubongoni ni uleule kwa wote. Nyama inaleta mama mmoja zaidi na kundi zima la vijana. Nani atapanda? Sasa kula bukari tupu, yaani ugali wa mahindi. Insulini, homoni ya sukari, inatoka, inawasukumia vijana kwenye misuli, hasa lusini, isolusini na valini. Triptofani nyingi imeshikana na albumini, protini ya damu, kwa hiyo haipungui kama wao. Mlango unapumua, mama anapanda. Na akishaingia, kimeng'enya kinachomgeuza kuwa serotonini kilikuwa bado kina nafasi. Ndiyo maana serotonini inaongezeka.

Sasa namsikia mmoja: "Docta, basi bukari bila mboga ni dawa ya huzuni!" Hapana, baba, tulia! Ndakala kidogo, wale samaki wadogo wakavu, pembeni wanatosha kuharibu hesabu hiyo, na nani hapa Lubumbashi anakula bukari bila kitu? Tena, ghala la neva likijaa serotonini, haina maana kwamba imetolewa: neva ndiyo inayotoa, kwa kadiri inavyopiga. Wauza vidonge vya kuongeza serotonini hawawaambii hilo, wanauza chupa tu.

Mahindi nayo yana triptofani kidogo, na anayeishi kwa hayo tu anaweza kupata ugonjwa wa pelagra: ngozi kuharibika, kuhara, akili kuvurugika. Hiyo ilistahili saa nzima, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa yake.

Na ndizi? Serotonini iliyo ndani yake haivuki kuingia ubongoni. Hata ile ya matumbo yetu wenyewe, karibu asilimia 90 ya yote mwilini, haivuki. Kuleni ndizi kwa sababu ni tamu.

Maswali. Yule mwenye swali la vidonge, anza wewe.