Moshi wa Jikoni na Vumbi la Dirishani: Namna ya Kuvipima
(Mhadhara uliotolewa Wete, Pemba)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma.

Mama mmoja ameniuliza hapo mlangoni: "Mwanangu, moshi tunauona, una haja gani ya kupimwa?" Nakujibu, mama. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazizidi maikromita 2.5; unywele mmoja ni mnene zaidi ya mara 20. Jicho haliioni chembe moja kama hiyo, na pua ikikaa jikoni robo saa imeshazoea.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni mizani. Chujio jembamba hupimwa uzito, pampu ikavuta hewa kupitia hapo kwa saa 24, kisha likapimwa tena. Tupigeni hesabu. Pampu ikivuta lita 2 kwa dakika, kwa siku ni lita 2,880, karibu mita 3 za ujazo. Hewa ikiwa na maikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo, chujio litaongezeka maikrogramu 144. Hizo ni kama punje mbili tatu za chumvi laini! Ukiligusa kwa kidole, jasho lako limeshaingia kwenye hesabu. Nimewahi kutupa kazi ya siku nzima kwa ajili hiyo, na iliniuma. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linataka wastani wa siku wa chembe hizo usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo.

Vipo na vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyomulika chembe kwa leza na kutoa namba papo hapo. Navipenda kwa jambo moja: vinakuonyesha saa. Utaiona namba inapanda jiko la mkaa linapowashwa, inashuka, halafu inapanda tena usiku chetezo cha udi kinapopitishwa vyumbani. Mizani haikwambii hayo. Lakini masika, hewa yetu imejaa maji na chumvi ya bahari. Chembe hunywa maji zikavimba, na kifaa kikasoma zaidi ya kilichopo. Kiwekeni kwanza ubavuni mwa chujio, mlinganishe, ndipo msahihishe. Anayewaletea namba bila ya kulinganisha msimkubalie, hata namba yake ikiwa ya kufurahisha.

Na kaboni monoksaidi ya mkaa ni gesi, chujio haliikamati. Ina kifaa chake cha kuipimia.

Sasa vumbi. Hewa ya leo itachukuliwa na kusi, vumbi linabaki. Rangi ya zamani inayobanduka dirishani huenda ina madini ya risasi, na mtoto anayetambaa hupapasa, kisha mkono ukaenda mdomoni. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwake.

Hii hapa fremu ya sentimita 30 kwa 30. Unaiweka sakafuni, unavaa glavu mpya, unapangusa kwa kitambaa chenye majimaji kutoka kushoto kwenda kulia, unakikunja uchafu ndani, unapangusa tena kutoka juu kwenda chini. Kitambaa kinaingia kwenye kichupa, maabara wanakiyeyusha kwa asidi na kuitafuta risasi. Kitambaa kingine unakifungua na kukitia kichupani bila ya kupangusa kitu. Hicho msikisahau: kikikutwa na risasi, basi risasi imetoka kwenye vitambaa au mikononi mwetu, si nyumbani kwa watu.

Bibie, njoo ushike fremu. Tuanze na sakafu ya chini ya dirisha hili.