Fomu ya BTP na Kilima cha Dirishani

Asante mwenyekiti, na asanteni nyote mliotoka idara za masomo mkaja kukaa na sisi watu wa ualimu. Pale nje kuna mwenzetu kaniuliza, utani nusu: "Mimi ni wa Jiografia, muhtasari wa somo wa Taasisi ya Elimu unanihusu nini?" Naanza na yeye.

Mwaka fulani nilikwenda kukagua BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya wanafunzi wetu. Shule ya kata, Kidato cha Pili, watoto wamebanana watatu watatu kwenye dawati. Kijana wetu anafundisha usomaji wa ramani. Andalio la somo safi, shati limechomekewa, kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko, kazichora ubaoni vizuri mpaka unamwonea wivu. Kasema kontua zikikaribiana, mteremko ni mkali. Binti wa nyuma akanyoosha mkono, akaonyesha dirishani, maana nje palikuwa na kilima. "Mwalimu, za kile pale zingekaaje?" Kijana akatazama kilima, akatazama ubao. "Hilo tutalifikia baadaye."

Nikampa 78.

Fomu yangu iliuliza habari za andalio, ubao, sauti, zana na mavazi. Haikuuliza kama kuna mwanafunzi hata mmoja aliyefanya kitu. Na kijana yule, kwenye jiomofolojia, somo la maumbo ya ardhi, alikuwa na A. Hiyo A haikutoka kwangu, ilitoka idara ya somo.

Mtaala wa umahiri, unaotazama mwanafunzi anaweza kufanya nini, si mgeni. Sekondari ulianza 2005. Huu wa sasa, uliokuja na Sera ya Elimu toleo la 2023 na kuanza kutekelezwa Januari 2024, umekaza zaidi. Fungueni muhtasari wake: palipokuwa na mada na mada ndogo, sasa pana umahiri mkuu na umahiri mahususi, halafu shughuli za ujifunzaji na vigezo vya upimaji. Kisha rudini kwenye kozi zetu. Wiki ya kwanza utangulizi, wiki ya pili nadharia, na UE, mtihani wetu wa mwisho wa muhula, inasema "Jadili".

Wengine tunadhani kazi ni kubadilisha vitenzi kabla programu haijapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Nimeifanya mwenyewe: usiku mmoja, kozi nzima, kila "kuelewa" nikaigeuza "kuchambua". Notisi zikabaki zilezile, zimeshaanza kuwa za njano.

Mwanafunzi wa ualimu anakaa nasi miaka mitatu, ana masomo mawili ya kufundishia, na hayo anayapata kwenu. Mimi nitamwambia ashirikishe wanafunzi. Wewe utamwonyesha, kwa muhula mzima, kwamba mtu msomi husimama mbele na kusoma slaidi. Mnadhani akifika Kidato cha Pili atamfuata nani?

Mtasema ukumbi una watu mia nne. Kweli, wala siwaombi muugawe makundi mia. Naomba semina moja kwa muhula. Walioko Morogoro watandaze ramani ya topografia mezani na Uluguru ikiwa dirishani, nani atashindwa? Na swali moja la UE linalomtaka mtu afanye kitu kwa maarifa yake.

Kuna hoja nyingine naiheshimu zaidi: chuo kikuu si mtumwa wa muhtasari. Sawa kabisa. Mihtasari hubadilika, na mwalimu anayejua yaliyomo humo tu ataachwa njiani ukibadilika. Ila nimekutana na wahadhiri wengi wanaoukosoa ambao hawajaushika mkononi. Mhadhiri wa Kemia akiusoma, akasema umahiri huu hauwezekani shule isiyo na maabara, hapo Taasisi imepata mtu wa kumsikiliza.

Nisiwachoshe. Ile fomu nimeitoa nakala, ziko mezani hapo mlangoni, na kalamu zipo. Kabla ya chai, kila mmoja afute kipengele kimoja ambacho binti wa nyuma asingekijali, na pembeni aandike kimoja cha kwake. Mimi nimeshafuta mavazi.