Kompyuta Imekwama Katikati ya Kupandisha Windows: Usikimbilie Kuipiga Upya

Habari za wakati huu, ndugu mtazamaji. Niko Mwanga, Kigoma mjini, na hii hapa mezani ni laptopu ya mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Kibirizi. Alikuwa anaihamisha kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, umeme ukakatika, betri nayo imechoka, ikazima. Tangu siku hiyo inawaka, inaonyesha nembo, inajizima. Fundi wa kwanza alimwambia ni ya kupiga Windows upya, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows nyingine, basi. Humu ndani kuna hesabu zake za miaka mitatu: nani kachukua gunia ngapi, nani bado anadaiwa. Kwa hiyo tuelewane mapema: hatufuti kitu mpaka mafaili yatoke.

Kwanza, kama yako bado inaonyesha asilimia, iangalie taa ndogo ya diski. Ikipepesa, iache ifanye kazi, hata kwa muda wa masaa matatu. Na ukiona imeandika "Undoing changes", inajirudisha yenyewe kwenye Windows ya zamani. Usiizime hapo, nakuomba sana.

Hii yetu imeshavuka hapo. Naiwasha, ikifika kwenye nembo nashikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Narudia tena. Mara ya tatu naiacha, na hii hapa, kioo cha buluu cha matengenezo. Chagua Troubleshoot, halafu Advanced options, halafu Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Ikikudai namba 48 za BitLocker, kufuli la Windows linalolinda diski, zitafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa kutumia simu.

Sasa tazama vizuri. Naandika notepad, napiga Enter. Linafunguka dirisha la kuandikia, lakini sisi hatuandiki. Nenda File, Open, na pale chini chagua All Files. Umeona? Diski zote zimejitokeza. Herufi zinaweza kubadilika, C ikawa D, usishtuke. Ingia Users, tafuta folda yenye jina lako, ibonyeze kwa upande wa kulia wa mausi, Copy, kisha ingia kwenye flashi, Paste. Dirisha litaganda kabisa na hutaonyeshwa imefika wapi. Inanakili. Usichomoe flashi! Hii imenichukua dakika arobaini, na faili la madeni ya mama lipo, nimelihakikisha kwenye kompyuta nyingine.

Baada ya hapo moyo umetulia, ndipo tunatengeneza. Rudi Advanced options, jaribu Startup Repair, yaani Windows ijitengeneze yenyewe iweze kuwaka. Ikishindikana, ingia Uninstall Updates, uchague kuondoa feature update ya mwisho, yaani lile toleo jipya la Windows. Ya kwetu imekubali Startup Repair, Windows 10 imerudi.

Kabla ya kujaribu tena, jua kwa nini ilishindwa. Kwenye Windows 10 fungua Settings, Update & Security, Windows Update, View update history, usome namba ya kosa. 0x80070070 ni nafasi haitoshi kwenye diski. 0xC1900208 ni programu isiyopatana na Windows mpya. 0xC1900101 mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa kama printa, na ndiyo niliyoikuta hapa. Kumbe umeme haukuwa peke yake. Nimechomoa printa na modemu, nimetoa antivirusi ya kupakua na draiva ya modemu hiyo ya zamani. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow; zote mbili zinatengeneza mafaili ya Windows yaliyoharibika. Ya kwanza inakula bando, jiandae.

Hakikisha pia mashine inastahili: andika tpm.msc uone kama ina TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, halafu RAM isipungue GB 4 na diski GB 64. Ikiwa haifiki, mimi siilazimishi. Ni kweli Windows 10 iliishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, lakini kompyuta ya biashara si ya kubahatisha.

Safari hii nimeiunganisha na UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, na imepita. Mama, folda ya Windows.old, ndimo ilimohifadhiwa Windows ya zamani, usiifute kwa sasa. Una siku 10 za kurudi kwenye Windows ya zamani ukiona mambo hayaendi: Settings, System, Recovery, Go back. Na ile flashi, iweke nyumbani, mbali na laptopu.